Bakuli Lililopita Holili

Mashamba makubwa ya kahawa yalipochukuliwa na serikali, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba upande wa chini wa Kibosho aliamua kurudi kwao. Shangazi yangu alikuwa mpishi wake tangu kabla sijazaliwa. Siku ya kufunga mizigo, mama yule aliwaita watumishi wote barazani akawaambia kila mmoja aingie ndani achague kitu kimoja cha kumbukumbu. Dereva alichagua kitanda cha chuma. Dobi alichagua cherehani, na mtunza bustani akatoka na baiskeli. Shangazi aliingia chumba cha kulia akatoka na bakuli.

Nyumbani hawakumwelewa. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimuuliza mara mbili kama kweli aliachiwa nafasi ya kuchagua. Shangazi alijibu kwamba miaka yote ile aliliosha bakuli lile peke yake, kwa sababu bibi wa nyumba hakuruhusu mwingine aliguse, na kwamba aliona aibu kuliacha mikononi mwa watu asiowajua.

Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uuguzi na nilipanda kwetu kila nilipopata siku ya mapumziko. Nililipenda bakuli lile mara ya kwanza nilipoliona. Lilikuwa pana kama ungo mdogo, jeupe, lakini weupe wake haukuwa wa chokaa. Ulikuwa na ubichi fulani ndani yake, kama maziwa yaliyotiwa maji kidogo. Nje lilizungushiwa majani ya bluu. Ndani, katikati kabisa, kulikuwa na samaki mmoja mnene kati ya magugu ya majini, na mchoraji alimchora akigeuka, mkia upande huu, kichwa upande ule. Ukingoni palikuwa na ufa mwembamba usiozidi urefu wa kucha. Shangazi aliliweka juu ya kabati, pembeni ya kitabu cha nyimbo, akalitumia kuhifadhia mayai.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kihamba chake kidogo, shamba la migomba aliloachiwa na babu, ng'ombe mmoja wa maziwa, na sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema amesema.

Wakati huo usharika wetu ulikuwa unajenga zahanati. Kina mama walibeba mawe kutoka mtoni kila Jumamosi na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Sisi wauguzi wa hospitali ya Mawenzi tulijua vizuri kwa nini inahitajika. Wanawake wa kwetu wenye uchungu wa kuzaa waliteremshwa kwa machela kwenye tope la masika, na wengine walitufikia wakiwa wamechelewa. Shangazi alinisikia nikisimulia habari ya mama mmoja wa namna hiyo. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba sikukuu ya mavuno ikifika atalitoa bakuli.

Kwa asiyejua, sikukuu ya mavuno kwetu ni hivi. Kila mtu huleta kanisani alichopata shambani: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha, watu wote hukusanyika uwanjani, mzee mmoja wa kanisa husimama juu ya benchi, na vitu vyote hunadiwa. Mtu anaweza kununua mkungu wake mwenyewe, na anaweza kununua kuku akamrudisha anadiwe tena. Ni sadaka, lakini pia ni furaha kubwa, na mzee wetu aliyenadi alikuwa na ulimi wa kumfanya hata bahili acheke kabla hajatoa mfukoni.

Siku chache kabla ya mavuno nilishuka Moshi mjini kununua vikombe. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Soweto na sikuwa na kikombe cha kumkaribishia mgeni. Karibu na soko palikuwa na duka la vyombo la mzee mmoja wa Kihindi, mwembamba, mpole, aliyezaliwa Unguja na aliyesema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nyuma yake, ndani ya kabati la kioo, niliona sahani ya bluu na nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza bei ya sahani ile. Akasema ile haiuzwi, ni ya marehemu baba yake.

Nikamwambia shangazi yangu ana bakuli la kabila hilo hilo, lenye samaki ndani.

Aliweka chini kalamu yake. Aliniuliza samaki anatazama wapi. Nikamweleza anavyogeuka. Akauliza chini ya bakuli pakoje, kwenye kile kiduara linachokalia. Sikujua, sikuwahi kulipindua. Ndipo alipotoa sahani yake kabatini, akaifunika kwenye kiganja na kunionyesha tako lake.

"Chombo hutazamwa chini kwanza, binti," alisema. "Usoni kila kitu hujipamba."

Alinionyesha mviringo wa udongo mtupu usiopakwa kitu, uliogeuka mwekundu kwa moto. Alinieleza kwamba vyombo vya namna ile vilitoka China zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu, na kwamba pwani watu wa kale walivijengea ukutani kwa chokaa ili kupamba nyumba. Baba yake alivikusanya kimoja kimoja. Aliniomba aende kuliona bakuli. Nikamwambia akitaka kuliona aje Jumapili kanisani, maana siku hiyo litanadiwa pamoja na ndizi.

Alikuja. Alipanda na gari lake dogo kwenye barabara ya utelezi, yeye na mkewe, akafika tukiwa kwenye wimbo wa pili. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea yake, akaketi benchi la mwisho na soksi zake za kijivu, mpaka ibada ilipoisha. Wengine walitabasamu, lakini mama mmoja aliyekuwa jirani yake alivua vyake pia ili asiwe peke yake.

Mnada ulipoanza, ilipita mikungu, wakapita kuku, akapita mwanambuzi mmoja aliyenunuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu. Kisha mzee aliyenadi akainua bakuli la shangazi. Ndani yake mlikuwa na mayai. Yeye alidhani anachonadi ni mayai, akasifu ukubwa wake na kuku waliohusika, na mwalimu mmoja akataja bei ya mayai. Mwingine akaongeza kidogo, kwa ajili ya chombo.

Yule mzee wa dukani akainua mkono. Kila mtu alifikiri anaongeza. Badala yake alitembea mpaka mbele, akaomba alishike bakuli. Aliyatoa mayai moja moja akampa mkewe. Alilipindua, akalitazama chini, akaligonga kwa ukucha na kulisikiliza. Lilitoa mlio mrefu uliotufikia hata sisi tuliokuwa nyuma. Nilimwona uso ukibadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake njiani bila kutarajia.

"Naomba mnada usimame kidogo," alisema. "Nikilinunua bakuli hili kwa bei mnayoijua ninyi, nitakuwa nimeiba kanisani."

Alitueleza kwa ufupi bakuli ni nini. Alisema yeye mwenyewe hana uwezo wa kulinunua, hata akiuza duka na gari. Alisema Nairobi kuna nyumba ya mnada ambako watu wa mbali huja kununua vitu kama hivyo, na kwamba mwenye bakuli, kama anataka kulirudisha nyumbani sasa baada ya kujua, hakuna atakayemlaumu.

Mchungaji alimgeukia shangazi na kumuuliza mbele ya wote anasemaje. Shangazi alisimama, akaweka sawa kitenge chake.

"Nilichokileta ni bakuli," alisema. "Bei yake sikuileta mimi, wala siwezi kuirudisha nyumbani."

Akaketi. Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, na mengi nimeyasahau.

Wazee wa kanisa walijadiliana mpaka jua likaelemea magharibi. Baadhi waliogopa kumkabidhi mtu wasiyemjua mali ya kanisa. Mwishowe walikubali mzee wa dukani aende nalo Nairobi, na mimi nifuatane naye niwe jicho la usharika. Kabla hatujaagana, mzee yule alinunua mayai.

Nilisubiri likizo yangu ya mwisho wa mwaka. Shangazi alilifunga bakuli mwenyewe, ndani ya kikapu, akalizungushia majani makavu ya migomba tabaka kwa tabaka. Tulipita Holili asubuhi, mzee na mkewe mbele, mimi kiti cha nyuma nimelipakata. Askari wa mpakani aliuliza nimebeba nini, nikasema bakuli, akatupungia tupite. Siku hizo kwenda Kenya ilikuwa kama kwenda kwa jirani.

Nyumba ya mnada ilikuwa jengo la kawaida kwa nje. Ndani, vitu viliwekwa wazi siku mbili ili wanunuzi wavitazame, na mzee alinipeleka kuvitazama vyote, taratibu, kama mtu anayemzungusha mgeni shambani kwake. Kulikuwa na Buddha wa shaba aliyefumba macho, amani yake ikakufanya upunguze sauti. Kulikuwa na farasi wa udongo mwenye shingo iliyopinda, na visanduku vyekundu vilivyopakwa rangi tabaka nyingi kisha vikachongwa maua kwa kisu. Nilisimama muda mrefu mbele ya karatasi ndefu iliyoning'inizwa ukutani, yenye mlima uliochorwa kwa wino mweusi. Mawingu yalikuwa kiunoni, kilele kikielea juu peke yake. Nilimwambia mzee kwamba huyu aliyechora lazima alifika Moshi. Alicheka, akanionyesha kwamba pale penye mawingu mchoraji hakugusa kabisa. Ni karatasi tupu aliyoiacha. Nimezaliwa chini ya mlima na nimeutazama kila siku ya maisha yangu, lakini tangu pale nimekuwa nikiyatazama mawingu yake kwa macho mengine.

Karani aliyelipokea bakuli letu alitoa majani ya migomba kwa makini kama anayefungua bandeji. Alimwita mwenzake, na huyo akamwita mkubwa wao. Walizungumza na mzee kwa muda mrefu, kisha wakaliweka juu ya kitambaa cheusi, peke yake, chini ya taa. Nilijua ni lile lile, na bado nilitaka kulisalimu upya.

Siku ya mnada nilivaa gauni langu la kanisani. Nilitarajia kelele na vicheko kama vya kwetu. Watu waliketi kwenye viti kwa mistari, kimya, wengine wakiwa na penseli mkononi. Mnadi alikuwa mtu mzima mwenye miwani, aliyesema polepole kama anayesoma majina ya wagonjwa. Sikuona mtu anayejibu. Nikamnong'oneza mke wa mzee kwamba wamechelewa kuanza, akaniambia Buddha na farasi wameshauzwa. Ndipo nilipoanza kuona: huyu aliinua penseli kidogo, yule aligusa miwani, mwingine alitikisa kichwa na kuachia kitu alichokitamani.

Samaki wetu alipoletwa, chumba kilibadilika. Mikono mingi ilianza, ikapungua, ikabaki miwili: mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi aliyeketi mbele, na bwana mmoja nyuma ambaye sikuweza kumgeukia bila kukosa adabu. Mnadi alikuwa akimtazama huyu, akimtazama yule, bila haraka yoyote. Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilitaka yule mama ashinde, sijui kwa nini. Labda kwa jinsi alivyoinama mbele, kama anayemsikiliza mtoto. Bwana wa nyuma akanyamaza. Nyundo ndogo ikagonga meza mara moja.

Mzee hakuniambia bei. Aliinama akaniambia taratibu, "Zahanati imepata paa."

Yule mama alikuja kutusalimu baadaye. Alitaka kujua limetoka wapi. Mzee alinitaka niseme mimi, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha hospitalini habari za shangazi, jiko, na mawe ya mtoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono.

Malipo yalihitaji wiki kadhaa kukamilika. Likizo yangu ilikuwa inaisha, kwa hiyo nilirudi kwa basi, na mzee na mkewe wakabaki Nairobi kwa mdogo wake wakisubiri. Jumapili nilisimama kanisani nikatangaza kwamba bakuli limeuzwa vizuri na mzee anakuja. Watu wakapiga makofi.

Hakuja. Kabla hajamaliza mambo yake, mapema mwaka 1977, mpaka ukafungwa. Magari yalikwama upande huu na ule. Tulidhani ni jambo la siku chache. Ikawa mwezi, ikawa mwaka, ikaja vita ya Uganda, ikaja miaka ya foleni za sukari na sabuni. Duka la vyombo lilibaki na kufuli. Kuta za zahanati zilibaki bila paa, na mmea wa maboga ukapanda dirishani ukaingia ndani.

Maneno yalianza. Walisema mzee yule alijua tangu mwanzo. Kwamba maneno yake matamu ya siku ya mnada yalikuwa chambo. Kila nilipopanda kwetu kulikuwa na mtu wa kuniuliza, na sikuwa na cha kuonyesha zaidi ya nilichokiona kwa macho. Nilipomweleza shangazi, aliendelea kukata majani ya ng'ombe.

"Mtu aliyeweza kuniibia mbele yangu nikamshukuru, na hakufanya," alisema, "aende kuniibia akiwa mbali kwa shida yote hiyo?"

Katikati ya miaka ile alipita mama mmoja mfanyabiashara wa Taveta, aliyekuwa akivuka porini kwa njia za panya na vitunguu vyake. Alinitafuta hospitalini kuniletea salamu za mzee. Alisema mzee aliugua moyo lakini yu hai; kwamba vitu vyetu viko salama; na kwamba amekataa kuvileta kwa njia hizo kwa sababu sadaka haipiti porini. Nilipeleka salamu hizo usharikani. Walioamini waliamini. Shangazi aliuliza tu kama moyo umepona.

Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1983. Haukupita muda mrefu, Jumamosi moja kina mama wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, lori lilipanda barabara yetu likinguruma, limejaa mabati. Juu ya mabati kulikuwa na mbao, misumari, vitanda viwili vya kujifungulia na kabati la dawa. Mzee aliteremka upande wa dereva kwa msaada wa fimbo. Alikuwa amekonda, nywele zimekwisha, lakini shati lake lilipigwa pasi.

Alimweleza mchungaji kwamba alipoona mpaka hautafunguka upesi, hakuthubutu kuacha fedha zikae. Fedha huliwa na miaka, alisema, lakini bati likihifadhiwa pakavu haliliwi. Alinunua kila kitu mwaka ule ule wa kwanza akakiweka kwenye ghala la mdogo wake, na mpaka ulipofunguliwa akahangaika na vibali mpaka akapata vyote. Aliwaomba wazee wahesabu. Nakumbuka mmoja wao, ambaye alikuwa amesema mengi, alikwenda kando ya lori akasimama ameshika bati kwa mkono mmoja.

Shangazi alitoka katika safu ya kwaya akamwendea. Nilidhani atamshukuru.

"Pole na safari, baba," alisema. "Ingia ule kwanza."

Alimpikia mtori wa ndizi. Nilikuwepo. Walikula karibu kimya, watu wawili waliokutana mara moja tu maishani, na walionekana kama majirani wa siku nyingi. Alipomaliza, mzee alimsimulia yule mama mwenye mvi na jinsi alivyolipokea bakuli. Shangazi aliuliza kama ni mtu anayeosha vyombo vyake mwenyewe. Mzee akasema hajui, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya kazi. Shangazi akaridhika.

Paa liliezekwa kabla ya masika. Niliomba uhamisho, nikakubaliwa, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa mle nilimpokea mimi. Mama yake alikuwa ametembea kutoka nyumbani kwake mpaka kwetu kwa miguu yake mwenyewe, akipumzika njiani kwenye mifereji. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo kiasi kwamba nililazimika kumwambia kwa ishara kwamba ni msichana.

Shangazi aliishi miaka miwili zaidi. Alipofariki tulimzika kihambani kwake, kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Mzee alipanda na mkewe, amevaa suti nyeusi iliyompwaya. Wakati wa kuweka udongo ulipofika, ndugu wa kiume, ambao ndio hutangulia, walipanga mstari, na yeye akasimama kando pamoja na watu wa mjini. Baba yangu alimwona. Alitoka kwenye mstari, akamfuata, akamshika kiwiko na kumleta mstarini akamweka mbele yake. Mzee aliweka fimbo chini, akainama, akachukua udongo kwa mikono miwili.